Ardhi Imekunywa

Ndoo ya kwanza ilizama ardhini kama kawaida yake, taratibu, ikiacha povu jeupe la chumvi pembezoni mwa shimo. Bi Chumvi alihesabu hadi mia moja, kama alivyofundishwa, kisha akamimina ya pili. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwenye maungio, na chumvi ilipoingia kwenye nyufa zile aliuma meno akatazama pembeni, kama mtu anayetukanwa mbele za watu na hana pa kujibu.

Shimo lenyewe lilikuwa nyuma ya chumba cha umeme, baina ya ukuta na rundo la mabeseni yaliyoharibika. Lilikuwa na upana wa sufuria kubwa, limezungushiwa saruji, na juu lina mfuniko wa zege wenye kishikio cha nondo. Ndani ulionekana waya mmoja mnene, wa kijani na njano, ukitoka ukutani na kuzama udongoni. Huo ndio waya wa ethi, wa kuushusha umeme ardhini. Kazi ya Bi Chumvi, ukiacha kufagia na kudeki, ilikuwa kuunywesha ule udongo: ndoo mbili asubuhi, ndoo mbili jioni, kila ndoo na makopo mawili ya chumvi ya mawe. Akimaliza, aende kwenye daftari lililoning'inia kwa uzi mlangoni, aandike tarehe, saa, na yale maneno mawili aliyoandikiwa mfano wake siku ya kwanza: *Ardhi imekunywa*. Kisha sahihi.

Miezi kumi na moja hakuruka siku. Hata alipokuwa na homa alikuja akiwa amejitanda khanga mbili, akamimina, akaandika, akaenda kutapika nyuma ya mabeseni. Kibarua wa siku ni mtu wa kuonekana. Pale getini kila asubuhi walisimama wanawake wasiopungua ishirini, macho yao yakihesabu nani leo hakuja.

Sababu ya yale maji alikuwa ameelezwa na fundi wa umeme, mzee mmoja mwembamba ambaye kiwanda kizima kilimwita Fundi Kifungo kwa vile alifunga shati lake mpaka kooni hata jua likipasua mawe.

"Umeme una wazimu wake, dada yangu," alimwambia, amefungua kabati la umeme la mashine ya tatu. "Radi ikipiga hata huko mbali, au huu wa mtaani ukikatika ukarudi kwa kishindo, unakuja mwingi, kufumba na kufumbua. Mota kubwa zinavumilia, zina mifupa. Lakini humu ndani kuna hiki kisanduku, pawasaplai. Kazi yake ni kuulisha ubongo wa mashine umeme mdogo mdogo, kama mtoto anavyolishwa uji kwa kijiko. Sasa mtoto ukimmiminia sufuria nzima?"

"Anapaliwa."

"Anakufa. Au anaamka mwendawazimu." Akamwonyesha vidude vinne vilivyopangwa safu moja juu ya kisanduku, kila kimoja na kidirisha kidogo cha kijani usoni. "Ndiyo maana kuna hawa. Hawa ni walinzi. Umeme wa wazimu ukija wanaukamata, wanaupeleka kwenye waya wako, unashuka chini, unalala. Mlinzi akichoka, kidirisha kinageuka chekundu, tunambadilisha."

"Na ardhi ikiwa kavu?"

"Ardhi kavu haipokei mgeni. Mlinzi kamkamata mwizi, anafika kituoni, kituo kimefungwa. Atamfanya nini? Atamwachia."

Bi Chumvi alicheka siku ile. Lakini maneno yalimkaa, kwa sababu mashine ya tatu ndiyo aliyofanyia kazi mdogo wake.

Mdogo wake huyo, wa tumbo moja, Bi Chumvi alimlea mwenyewe mama yao alipofariki, akimbeba mgongoni huku akiuza mkaa wa kupima kwa kopo. Watu walimwita Kicheko. Ukisikia chumba kimelipuka, ujue yeye ndiye aliyewasha. Na yeye ndiye aliyezipa mashine majina. Ya kwanza Kizee, kwa kukohoa. Ya pili Mchumba, kwa kuahidi na kutotimiza. Ya tatu, ile kubwa ya mabeseni ya kuogea, aliita Mama Mkwe.

"Kwa nini Mama Mkwe?" wageni huuliza.

"Kwa sababu hasalimiwi kwa mkono," Kicheko hujibu, na wanawake wote hupiga makofi.

Mama Mkwe alikuwa na vipande viwili vya chuma, kila kimoja kikubwa kama mlango, vinavyoitwa kalibu. Vinakutana, plastiki ya moto inajaa katikati, vinaachana, na beseni limeng'ang'ania upande mmoja likisubiri kuvutwa. Mvutaji alitakiwa kufungua mlango wa kioo, na mlango ukiwa wazi kulikuwa na swichi iliyoizuia mashine isijifunge. Lakini kufungua na kufunga kunakula muda, na oda zilikuwa zimerundikana. Msimamizi aliikaza ile swichi kwa kipande cha mpira wa baiskeli, ikakaa imebonyea siku nzima, ikidhani mlango umefungwa. Tangu hapo, kilichobaki baina ya mkono wa Kicheko na vile vyuma viwili ni ubongo wa Mama Mkwe peke yake.

Siku mambo yalipoanza kuharibika ilikuwa Jumanne, saa saba mchana. Wanawake walikuwa chini ya paa la stoo na vyombo vyao vya chakula, wakimsema Msimamizi, ambaye alikuwa amepaka nywele piko na sasa jasho lilikuwa linamchuruzika jeusi shingoni.

"Jamani, mwacheni," Kicheko alisema. "Anatafuta mke wa tatu, na wawili wale hawana habari."

"Wa pili anayo. Ndiye aliyenunua piko."

"Akaona ampambe mumewe mwenyewe?"

"Akaona bora amsindikize!"

Hapo umeme ukakatika. Feni zikazubaa. Baada ya dakika chache ukarudi kwa kishindo, taa zikawaka nyeupe kupita kiasi, na kutoka ndani ya kiwanda kitupu, ambamo hapakuwa na mtu hata mmoja, wakasikia Mama Mkwe akifunga kalibu. *Gbu*. Kisha akafungua. Kisha, nusu, akafunga tena, akabaki anatetemeka.

Hakuna aliyecheka. Hata Kicheko alishusha kijiko.

Fundi Kifungo alilifungua kabati, akalitazama kwa muda mrefu. Bi Chumvi alikuwa amesimama nyuma yake na ufagio.

"Vidirisha vikoje, Fundi?"

"Kijani. Vyote vinne."

"Si ndiyo heri?"

Mzee alikuna shingo juu ya kile kifungo. "Mwezi uliopita radi ilipiga mara tatu. Leo nao umeme umerudi hivi. Na vyote kijani. Mlinzi asiyechoka kabisa, bibie, unaanza kumwuliza analala wapi." Akafunga kabati. Alipoona Msimamizi anakuja, akabadilisha sauti. "Mwaga maji zaidi. Pengine humwagi vizuri."

Neno lile lilimchoma Bi Chumvi kuliko chumvi. Kesho yake asubuhi akamimina ndoo tatu badala ya mbili, akaandika. Aliporudi kufunika shimo akakuta siafu wamejenga pembeni mwa waya, akapiga magoti kuwatoa kwa kijiti. Kijiti kikanasa. Akaushika waya ili ajisaidie kunyanyuka.

Waya ukaja.

Ulikuja bila ubishi, kama uzi wa sweta lililochakaa, urefu wa mkono tangu kiwiko hadi vidole. Mwisho wake ulikuwa umekatwa, safi, kwa msumeno. Na pale ulipokatwa ulikuwa umezungushwa kwenye jiwe, jiwe la kawaida la ukubwa wa ngumi mbili, ukafungwa fundo kama la kufungia mbuzi, ili usipande juu ukaonekana. Fimbo ndefu ya shaba, iliyopaswa kufungwa kwenye waya na kuzama ardhini mita mbili, haikuwepo. Palikuwa na jiwe, na kuzunguka jiwe udongo uliokolea chumvi, mweupe, laini, ulioshiba.

Bi Chumvi akabaki amepiga magoti. Miezi kumi na moja alikuwa anamwagilia jiwe.

Alimwita Fundi Kifungo kwa mkono, si kwa sauti. Mzee alikuja, akachungulia, akatazama kulia, akatazama kushoto. Uso wake ukawa kama umepakwa majivu.

"Nani amefanya hivi, Fundi?"

"Funika."

"Nakuuliza nani?"

"Ulipofanywa ukarabati wa shimo hili, kabla hujaja, mimi nilipewa likizo ya lazima. Wiki mbili. Nikarudi nikakuta kazi imekwisha, saruji imekauka, karatasi iko mezani, weka sahihi hapa Fundi." Alisema kwa kunong'ona, haraka haraka. "Mkandarasi ni shemeji yake Meneja. Wewe unafikiri ningechimba saruji ya shemeji yake Meneja nione chini kuna nini?"

"Kwa hiyo wale walinzi wanne..."

"Wanakamata, wanaachia. Ndiyo maana hawachoki." Akajifuta jasho. "Dada yangu, nimebakiza mwaka mmoja na miezi miwili nistaafu. Lirudishe jiwe. Mimi sijaona. Na wewe, kwa usalama wako, hujaona."

"Mdogo wangu anaingiza mkono mle mara mia tisa kwa siku."

"Najua."

"Mvua zinakuja."

"Najua, nimesema najua!" Akaondoka akigusa kifungo chake cha shingoni, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

Bi Chumvi alilifungua lile fundo. Akaliweka jiwe ndani ya ndoo, akaenda nalo ofisini kwa Bwana Usalama.

Huyu alikuwa kijana nadhifu, umri wa kuwa mwanawe, mwenye kofia ngumu nyeupe ambayo haijawahi kupata hata kovu moja. Mezani pake palikuwa na feni ndogo na karatasi nyingi zilizotaka kuruka. Bi Chumvi akaweka jiwe mbele yake, akaeleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama Fundi alivyomfundisha: pawasaplai, walinzi, waya, ardhi. Kijana akamsikiliza huku akipitisha kiganja juu ya jiwe.

"Nani alikuruhusu kuvuta waya wa kampuni?"

"Sikuuvuta, bosi. Ulikuja wenyewe."

"Waya hauji wenyewe, mama." Akampigia tarishi simu amletee daftari. Lilipokuja akalifunua, akawa anageuza kurasa polepole. "Huu mwandiko ni wa nani?"

"Wangu."

"Soma hapa."

"Ardhi imekunywa."

"Na hapa?"

"Ardhi imekunywa."

"Na hapa, na hapa, na hapa. Miezi kumi na moja unaithibitishia kampuni kwamba mambo ni shwari. Leo unaniambia hakuna kitu. Sasa nimwamini nani, wewe wa leo au wewe wa jana?"

"Maji yalinywewa, bosi. Mimi niliandika kuhusu maji."

"Na shaba hukuipima?"

"Sikuambiwa nipime shaba. Niliambiwa nimwage."

Kijana alitabasamu, karibu kwa huruma. Akalifunga daftari. "Nitawasiliana na mkandarasi. Haya ni mambo ya kitaalamu, yana ngazi zake. Wewe endelea kumwagilia kama kawaida. Na hili suala usiliongee huko nje, tusije tukatia watu hofu bure." Feni ikageuka, karatasi zikainuka pembe. Bila kufikiri akalichukua lile jiwe, akalikandamizia juu yake.

Jioni Bi Chumvi alimwaga ndoo zake mbili ndani ya shimo lisilo na kitu. Alihesabu mia. Kisha akasimama mbele ya daftari, kalamu mkononi. Mwandiko wake ulikuwa umejipanga pale juu, mstari kwa mstari, kama watoto wa shule waliovaa sare. Akasoma mstari wa mwisho. Akairudisha kalamu kwenye uzi wake bila kuandika.

Lilikuwa jambo dogo. Hakuna aliyeona. Lakini alipotembea kwenda nyumbani aliona mgongo umenyooka kidogo, kitu ambacho hakikuwa kimemtokea muda mrefu.

Usiku ule walikaa yeye na Kicheko juu ya kitanda kimoja, watoto wawili wa Kicheko wamelala miguuni, akamwambia kila kitu.

"Kesho usiende," akamaliza.

"Nisipoenda siku moja, getini wapo ishirini."

"Omba ubadilishwe. Nenda kwa Kizee."

"Dada, wiki ijayo wanasoma majina ya watakaopewa ajira ya kudumu. Msimamizi kasema waliopo kwenye mashine kubwa ndio wa kwanza. Nikibadilishwa sasa, nimejikata." Akamgusa dada yake begani. "Usinitazame hivyo kama umeshanizika. Nitatumia kijiti. Nitavuta beseni kwa kijiti, Mama Mkwe akitaka kumeza, ameze kijiti."

"Niahidi."

"Naahidi. Na nikipata ajira, hiyo kazi ya kuoga chumvi unaiacha. Ukae nyumbani unene, majirani waseme una mwanamume."

Alicheka mwenyewe. Bi Chumvi naye akacheka, kwa sababu kucheka kwa mtu yule kulikuwa kama kikohozi, kunaambukiza.

Kijiti kilidumu hadi saa nne asubuhi. Msimamizi alikichukua, akakivunja gotini. "Unakwaruza mabeseni. Na unachelewesha. Mkono umeumbwa kwa kazi gani?" Kicheko alimpa jibu lililowachekesha wote, kisha akaendelea kwa mkono.

Asubuhi ile Bi Chumvi alikuwa amemwaga tena, na tena hakuandika. Siku nzima joto lilibana kama kifuniko juu ya sufuria. Ndege waliokuwa kwenye paa la stoo walinyamaza. Kufika saa nane mawingu yakawa yamejikusanya upande wa milimani, meusi chini, na ndani yake mwanga unakimbia kimya kimya, bila sauti, kama watu wanaopitishiana taa ndani ya nyumba iliyofungwa.

Akamtafuta Fundi Kifungo. Alimkuta amesimama mlangoni pa chumba cha umeme akitazama mbingu.

"Zima," akamwambia.

"Siwezi kuzima bila amri ya Meneja."

"Kamwombe."

"Nimemwomba. Kaniuliza kama na mimi siku hizi ni mtabiri wa hali ya hewa. Lori la mzigo linakuja saa kumi."

"Basi nionyeshe mimi. Kipi? Nizime mimi, wanifukuze mimi."

Fundi alitazama swichi kubwa ukutani, kishikio chake chekundu kilichochakaa. Akaitazama kwa sekunde nyingi. Bi Chumvi aliona macho yake yakihesabu: mwaka mmoja, miezi miwili. Kisha mzee akauvuta mlango, akafunga kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni.

Bi Chumvi akatupa ufagio akakimbia. Hakuwa mtu wa kukimbia. Magoti yake yalikuwa na miaka yao. Alipita stoo, akapita Kizee, akapita Mchumba. Alikuwa amekusudia kile kitufe chekundu cha kusimamisha kilicho kifuani mwa Mama Mkwe. Alikiona. Alimwona Kicheko pia, ameinama, kitambaa chake cha njano kichwani, mkono wa kulia umeingia hadi begani kuvuta beseni la bluu lililogoma kutoka. Kicheko aligeuka akamwona dada yake anakuja mbio, na mdomo wake ukawa unafunguka kutoa mzaha.

Mlio wa radi haukuja baada ya mwanga; ulikuja pamoja nao. Taa zote zikawa nyeupe. Ilisikika *gbu*, ya kawaida tu, ile ile iliyosikika mara mia tisa kila siku. Kisha giza la mchana, na mvua juu ya mabati, na katika mvua ile sauti moja ambayo wanawake wa kiwanda kile walizoea kuisikia ikicheka.

Ilichukua dakika kumi na tisa kuzifungua kalibu kwa mtarimbo. Fundi Kifungo alipolifungua kabati baadaye, harufu ya plastiki iliyoungua ikampiga usoni. Kisanduku cha pawasaplai kilikuwa kimetoboka, cheusi. Juu yake, kwenye safu yao, walinzi wanne walikuwa wamekaa salama. Kijani. Kijani. Kijani. Kijani.

Siku ya tatu Bi Chumvi aliitwa ofisini kwa Bwana Usalama. Alitoka hospitalini moja kwa moja, na gauni lake lilinuka dawa. Meneja alikuwa amekaa kwenye kiti cha mgeni, mguu juu ya mguu. Fundi Kifungo amesimama pembeni, kofia mkononi. Shati lake lilikuwa wazi shingoni. Kifungo cha juu hakikuwepo, kimebaki uzi tu.

"Pole sana, mama," Meneja alisema, sauti yake laini. "Hili ni pigo letu sote."

Bwana Usalama alikuwa amelifunua daftari. Akaweka kidole chini ya ukurasa. "Tarehe hii, jioni. Hakuna kitu. Tarehe hii, asubuhi. Hakuna kitu. Mchana wake ndio ajali. Miezi kumi na moja uliandika kila siku, mama. Ukaacha siku hizi tu."

"Nilimwaga."

"Iko wapi?"

"Nilimwaga, sikuandika. Nilikataa kuandika kwa sababu ardhi ilikuwa haina waya. Nilikuja hapa hapa, nikakwambia. Waya ulifungiwa jiwe."

Feni iligeuka, ikarudi.

"Fundi," Meneja alisema bila kugeuka, "shimo ulilikaguaje baada ya ajali?"

"Waya upo, mheshimiwa. Shaba ipo." Mzee alisema akiitazama sakafu. "Mpya."

"Kabla ya ajali uliona tatizo lolote?"

Mkono wa Fundi ulipanda shingoni, ukatafuta kile kifungo, haukukikuta. "Sikumbuki vizuri."

"Fundi," Bi Chumvi alimwita. "Fundi, nitazame."

Hakumtazama.

Meneja akatoa bahasha, akaiweka mezani, akalaza kiganja juu yake. "Mama, sisi si wanyama. Hospitali wanataka barua ya kampuni ndipo wamfanyie mdogo wako upasuaji wa pili. Wameniambia ukichelewa, sumu itapanda begani. Barua hii hapa, imepigwa mhuri. Tatizo ni kwamba haiwezi kutoka kabla faili la ajali halijafungwa, na faili halifungwi bila maelezo yako. Ni utaratibu tu. Hakuna atakayekupeleka polisi."

Bwana Usalama alisoma ile karatasi iliyokwisha kuchapwa. *Mimi, mhudumu wa usafi, nakiri kwamba katika tarehe zilizotajwa sikutimiza wajibu wangu wa kumwagilia, hali iliyosababisha mfumo wa kinga kushindwa kufanya kazi...*

"Na jiwe?" Bi Chumvi akauliza. "Jiwe mmeliandika wapi?"

"Jiwe gani?" alisema Bwana Usalama. Na akalinyanyua kutoka juu ya rundo la karatasi, akavuta nakala ya pili iliyokuwa chini yake, akalirudisha mahali pake ili zilizobaki zisipeperuke. Bado lilikuwa na mstari mweupe wa chumvi kiunoni, pale waya ulipolizunguka.

Akamsukumia kalamu.

Bi Chumvi aliishika. Nyufa za vidole zilifunguka. Nje ya dirisha, nyuma ya chumba cha umeme, saruji mpya ilikuwa bado haijakauka vizuri, na mwanamke mmoja aliyemfahamu kwa sura, mmoja wa wale ishirini wa getini, alikuwa ameinama juu ya shimo na ndoo. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni kwa bidii ya mtu wa siku ya kwanza. Alimimina. Midomo yake ilicheza, akihesabu. Mlangoni mwa chumba cha umeme palikuwa pameshaning'inizwa daftari jipya, jalada lake bado linang'aa. Huko upande wa milimani mawingu yalikuwa yanajikusanya tena.

Mwanamke yule aliinuka, akaenda kwenye daftari, akashika kalamu, akaelekeza uso dirishani, akapaza sauti kama alivyoelekezwa.

"Bosi! Imekunywa!"

Bwana Usalama hakuinua macho kutoka kwenye karatasi. Wanawake wawili, mmoja nje na mmoja ndani, walikuwa wameshika kalamu.

"Andika," akasema.